Mteja anataka nyumba nne za Kizungu ndani ya nyumba moja, nisaidieni kuzitambua (Tabora)

Mchoraji_Ipuli

Wakuu habari za majukumu. Mimi ni mchora ramani hapa Tabora mjini. Kazi zangu nyingi ni za kawaida tu: vyumba vitatu kimoja masta, bati la msauzi, madirisha ya aluminiamu. Ipuli na Isevya zimejaa. Sasa nimepata mteja wa aina yake. Ni mama mstaafu, kiwanja anacho, kijana wake yuko Ohio huko Marekani na ndiye mtoa hela. Kijana akikatiza mtaa mzuri anapiga picha nyumba za watu, anamrushia mama yake WhatsApp, mama ananirushia mimi na sauti ndefu: "Baba, nyumba yangu ndiyo hii." Kabla sijawasha kompyuta inaingia nyingine: "Achana na ile, ni hii."

Juzi kaja mwenyewe ofisini na uamuzi wa mwisho. Anataka uso wa picha ya kwanza, nguzo za picha ya tatu, paa la picha ya nne. Ya pili anasema nzuri ila inafanana na shule. Nikamwambia mama, hizi haziendani. Akaniuliza, "Kwani zote si za Kizungu?" Nikabaki natazama kioo cha kompyuta.

Picha siziweki hapa, ni nyumba za watu na namba za milango zinasomeka. Nazieleza.

Ya kwanza ina ghorofa moja. Chini tofali nyekundu, juu ripu nyeupe iliyopigiliwa mbao nyeusi, nyingine wima, nyingine mshazari. Paa limesimama sana. Mbele kuna kuta mbili zinazopanda pembetatu mpaka kwenye kilele cha paa, moja kubwa, moja ndogo, wala haziko katikati. Dohani kubwa ya tofali iko mbele kabisa karibu na mlango. Vioo vimekatwa vipande vidogo vya umbo la almasi. Ubavuni kuna gereji ya magari mawili.

Ya pili ni boksi la tofali nyekundu. Mlango katikati, madirisha mawili kila upande, juu matano yamepangwa kwa rula. Kila dirisha lina mbao nyeusi pembeni, na juu ya mlango kuna kidirisha cha nusu duara.

Ya tatu nyeupe yote. Nguzo nne zinaanzia chini zinakwenda moja kwa moja hadi paa, ghorofa zote mbili zimejificha nyuma yake, juu pembetatu. Vichwa vya nguzo vina majani majani.

Ya nne kuta nyeupe zenye mikwaruzo, paa la kulala lenye vigae vyekundu vya mviringo, mlango ndani ya tao, madirisha ya mbele yana vyuma vya kusokota. Upenu karibu hakuna.

Ninachotaka kujua: kila moja ni mtindo gani, nitazitambuaje mwenyewe siku nyingine, na ipi inajengeka Tabora bila kuchekwa? Pia kijana anamwambia mama kwamba ile ya kwanza ina miaka mia tano. Mimi naiona gereji.

BatiNaKenchi

Mkuu unajitesa bure. Chora msauzi, weka nguzo mbili barazani, mwambie hiyo ndiyo Ohio. Mama hajafika huko, nawe hujafika. Nauza bati hapa mjini, nyumba za namna hiyo naziona kila siku na wenyewe wamefurahi.

Ila nguzo weka. Wateja wa Tabora bila nguzo hawalali.

Mzee_wa_Bangwe

Marahaba kijana, najua ungeniamkia. Niko Kigoma. Nimechora na kukarabati nyumba tangu enzi za meza ya kuchorea na kalamu ya wino, sasa macho yamechoka lakini picha bado nazisoma. Maelezo yako yametosha, huhitaji kuziweka.

Kwanza umtulize mama. Kauli yake kwamba zote ni za Kizungu si ya kuchekwa. Kwa jinsi ulivyozieleza, zote nne ni nyumba za aina moja: za karne ya ishirini zilizovaa nguo za mababu tofauti. Mtu wa mwaka 1925 pale Ohio alikuwa na umeme, bomba la maji na gari, akamwambia mjenzi, nivalishe nyumba Uingereza ya zamani. Jirani yake akasema, mimi nivalishe Hispania. Hayo ndiyo majengo ya mitindo iliyofufuliwa. Kama kijana yuko upande wa Cleveland, aende Shaker Heights. Ni mji wa pembeni ulioendelezwa na ndugu wawili wa ukoo wa Van Sweringen mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kanuni zao za ujenzi zilitaka nyumba ziwe za mtindo wa Kiingereza, wa Kifaransa au wa kikoloni wa Marekani. Ndiyo maana utakuta karne tatu zimesimama mtaa mmoja, na zote zina gereji.

Sasa jinsi ya kuzisoma. Watu wote huanza na mapambo, na mapambo ndiyo yanayodanganya. Mapambo yanapigiliwa Jumamosi na kung'olewa Jumatatu. Anza na paa: limesimama au limelala, lina pande ngapi. Halafu simama mbele ya mlango mkuu uigawe nyumba katikati kwa jicho: kushoto ni sawa na kulia, au kila upande una mambo yake? Ndipo uangalie matundu, yaani milango na madirisha, umbo la vichwa vyake na vioo vyake. Nguzo, mbao na vyuma viache mwisho kabisa. Ukifuata njia hiyo hata mtu akibandika nguzo za Kiyunani kwenye nyumba ya Kihispania hutababaika.

Ya kwanza ni Tudor iliyofufuliwa. Watudor ni ukoo uliotawala Uingereza kuanzia 1485 hadi 1603, na hiyo ndiyo miaka mia tano anayoisikia kijana. Nyumba za enzi hizo zilibebwa na mbao zenyewe. Magogo ya mwaloni yalisimamishwa, yakaungwa kwa vigingi, kisha nafasi katikati zikazibwa kwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Unacheka? Ni nyumba ya fito na udongo, ile ile ambayo halmashauri zetu zinawahimiza watu waachane nayo. Vioo vidogo navyo vilikuwa na sababu: wakati ule hawakuweza kutengeneza kioo kikubwa kilichonyooka, wakaunga vipande vidogo kwa madini ya risasi.

Nusu ya pili ya karne ya 19 wasanifu wa Uingereza, Richard Norman Shaw akiwa mmoja wa walioongoza, wakaanza kurudisha sura hizo kwenye nyumba za matajiri. Ikavuka bahari. Hapo hapo Ohio, mjini Akron, kuna jumba linaitwa Stan Hywet, lilijengwa 1912 hadi 1915 kwa ajili ya F. A. Seiberling, mwanzilishi wa kampuni ya matairi ya Goodyear. Ni Tudor kutoka mlangoni hadi kwenye dohani, na mwenye nyumba alikuwa mtu wa matairi ya gari. Mwambie kijana akalitembelee, ni makumbusho sasa.

Utajuaje ni la kufufuliwa na si la asili? Tazama mbao. Kwenye nyumba ya kale mbao ni nene, hazikunyooka sana, na zinakutana mahali ambapo mzigo unashuka. Kwenye ya kufufuliwa ni ubao mwembamba uliopigiliwa juu ya ripu, na nyuma yake kuna tofali au mbao za kawaida. Ukiona ubao wa mshazari unaoishia hewani bila kukutana na kitu, hapo hakuna kinachobebwa. Hata huo weusi mkali juu ya weupe mkali ulishamiri zaidi karne ya 19. Zamani mbao nyingi ziliachwa na rangi yake.

Ya pili mama kaionea. Inafanana na shule kwa sababu shule nyingi ziliiga kwake. Ni mtindo wa kikoloni wa Marekani uliofufuliwa, tawi la Kigeorgia, kwa majina ya wafalme wanne wa Uingereza walioitwa George kuanzia 1714 hadi 1830. Mwaka 1876 Wamarekani walisherehekea miaka 100 ya uhuru kwa maonyesho makubwa Philadelphia, na tangu hapo wakaanza kuzitamani nyumba za mababu zao wa makoloni ya pwani ya mashariki. Hawajaacha hadi leo. Siri yake yote ni ulinganifu: pinda picha katikati, upande mmoja uulalie mwingine.

Kipimo ninachokipenda ni hizo mbao nyeusi za pembeni ya dirisha. Kwa asili zilikuwa za kufunga wakati wa baridi au upepo. Sasa zifunge kwa mawazo: zitakutana katikati ya dirisha? Kama kila moja ina upana wa sentimita thelathini na dirisha lina mita moja na nusu, zimegandishwa ukutani na skrubu na hazijawahi kufungwa tangu zizaliwe. Pia ukiona madirisha mawili yamebanana pamoja kama pacha kwenye nyumba ya namna hiyo, jua ni ya karne ya ishirini. Babu wa mwaka 1750 aliweka moja moja.

Ya tatu inahitaji maneno zaidi kwa sababu ndiyo inayoua Tabora na Kigoma kwa pamoja.

Kuna Uyunani uliofufuliwa, na kuna huu uliokuja baadaye unaochanganya Uyunani na Roma. Wa kwanza ulitamba Marekani kuanzia kama 1825 hadi 1860. Wayunani walikuwa wameanza vita vya kujikomboa kutoka kwa Waturuki mwaka 1821, Wamarekani wakawapenda, wakajiona wao ndio warithi wa demokrasia, basi hata benki na nyumba za mashamba zikajengwa kama mahekalu. Wa pili uliamshwa na maonyesho ya dunia ya Chicago ya 1893, ambako majumba makuu yalipakwa rangi nyeupe na kujaa nguzo. Kuwatenganisha, tazama vichwa vya nguzo. Cha kawaida, bapa, bila urembo, ni Doriki. Chenye mikunjo miwili iliyojiviringisha kama pembe za kondoo dume ni Ioniki. Chenye majani ni Korintho. Uyunani uliofufuliwa ulipenda zaidi Doriki, na Doriki halisi ya Kiyunani haina hata kitako, inasimama moja kwa moja juu ya sakafu. Wewe una majani, nguzo za ghorofa mbili, weupe mtupu. Ni mtoto wa Chicago.

Sasa nguzo zetu. Fundi anakuja na kalibu zake za kukodi, anamimina zege, anabandika kichwa cha majani kwa sababu ndicho alichonacho, wala hajali nguzo ina unene gani. Nguzo ina hesabu. Msanifu wa Kiitaliano, Vignola, aliichapisha mwaka 1562 na mafundi wa Ulaya wameifuata karne nyingi: Doriki urefu wake ni mara 8 ya unene wa chini, Ioniki mara 9, Korintho mara 10. Maana yake nguzo ya Korintho ya mita tatu inataka unene wa sentimita 30. Ya mita sita kupanda ghorofa mbili inataka sentimita 60. Nenda na futi yako barazani kwa mtu yeyote hapo mjini. Utakuta sentimita 20 kwa mita tatu na ushee, mara kumi na tano au zaidi. Jicho la mpita njia halijui Vignola lakini linajua kuna kitu kinayumba. Ndugu yangu BatiNaKenchi anasema wateja hawalali bila nguzo. Sawa, ila walale chini ya nguzo zilizonona.

Ya nne ni ukoloni wa Kihispania uliofufuliwa. Umeeleza kila kitu: paa la kulala, vigae vya mviringo, upenu mfupi, ripu ya kukwaruza, tao, vyuma. Mwaka 1915 San Diego walifanya maonyesho ya kusherehekea Mfereji wa Panama, na msanifu Bertram Goodhue, aliyekuwa ameyachunguza majengo ya Kihispania ya Meksiko, akawajengea mji wa maonyesho uliowatoa watu macho. Miaka kumi baadaye tetemeko likaubomoa mji wa Santa Barbara, nao wakaujenga upya kwa sura hiyo. Usiuchanganye na mtindo wa misheni, ambao una ukuta wa mbele unaopanda juu ya paa kwa mikunjo, wala na ule wa Kiitaliano, ambao una vigae vile vile lakini nyumba imelingana kushoto na kulia na upenu wake ni mpana, umeshikiliwa na vikono vya mbao.

Kuhusu ipi ijengwe Tabora nitarudi jioni, hapa umeme unacheza.

BatiNaKenchi

Mzee umenipiga na Vignola mchana kweupe. Nimepima nguzo za barazani kwangu. Sisemi nimepata ngapi.

Binti_Kwihara

Shikamoo mzee. Naomba niingie kwa upande mwingine. Mimi ni mwalimu, na kila mwaka nawapeleka wanafunzi kwenye tembe la Kwihara, pale alipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ukuta mnene, ndani kuna baridi hata Oktoba, milango ya kuchongwa, ua wa ndani, paa la kulala. Watu wa pwani na Waarabu wa misafara waliishi hivyo hapa hapa Unyanyembe kabla Mjerumani hajafika. Kwa nini tunahangaika kufufua ya Ohio? Si tufufue yetu?

Mchoraji_Ipuli

Shikamoo mzee wangu, nimesoma mara mbili. Ile ya mbao za pembeni ya dirisha nimeizoom, kweli hazifungi, skrubu zinaonekana kabisa. Na madirisha ya chini yako mawili mawili yamebanana. Kwa hiyo si ya kale.

Dada yangu wa Kwihara, nimelifikiria hilo, lakini mama nikimtajia tembe atadhani namrudisha kijijini. Mzee tunakusubiri hapo kwenye Tabora.

Mzee_wa_Bangwe

Nimerudi.

Mwalimu, marahaba. Unachosema kimeshawahi kufanywa, tena na Mwingereza. Nenda Unguja uangalie Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa 1925. Kuba nyeupe, matao, madirisha ya kimiani, na aliyelichora ni John Sinclair, ofisa wa serikali ya Kiingereza. Ni Uarabu uliofufuliwa na mtu wa London. Kwa hiyo ukijenga tembe leo kwa tofali na zege, na ua wa ndani na mlango wa mninga uliochongwa, utakuwa umefanya kile kile alichofanya tajiri wa matairi kule Akron, tofauti ni kwamba wako utakuwa na baridi Oktoba. Paa la udongo tu ndilo lisirudi. Nimewahi kukarabati moja, sirudii.

Kwa mama sasa. Tabora mvua inaanza Novemba hivi, inakwenda hadi Aprili, halafu jua kavu miezi yote iliyobaki. Hiyo ndiyo itakayochagua.

Tudor itaumia. Mbao zilizopigiliwa juu ya ripu: mvua inapita nyuma ya ubao, ripu inavimba, kiangazi ubao unapinda na misumari inachungulia. Mchwa wa Tabora unawajua kuliko mimi. Ukitumia mninga utadumu, ila mninga wa kupamba ukuta ni dhambi, kautengenezee milango. Halafu paa. Chukua nyumba yenye upana wa mita 10. Kwa mteremko wa digrii 20, kila upande unakula mita 5.3 za bati bila upenu. Kwa digrii 50, karibu mita 7.8. Karibu nusu nzima ya bati inaongezeka, na kenchi zinakuwa ndefu, na juu kuna joto la kutosha kukausha tumbaku. BatiNaKenchi atafurahi, mama hatafurahi.

Wengine huepa kwa kuchora mbao kwa rangi nyeusi ukutani. Usifanye hivyo, nakuomba.

Ya pili inajengeka vizuri kabisa na kwa bei nafuu kuliko zote, kwa sababu ni boksi na tofali za kuchoma zipo. Lakini mama kaikataa. Ya tatu inataka ghorofa. Nguzo za ghorofa mbili mbele ya nyumba ya chini ni kama ulivyokwisha kuona mitaani.

Mimi ningempa ya nne, na ningeirekebisha mahali pawili. Kwanza upenu. Huko California mvua ni chache, ukuta unaweza kukaa uchi. Tabora toa upenu wa sentimita 80 au zaidi, hasa kama tofali ni za kuchoma za kienyeji. Pili, matao yasibaki mlangoni tu, yapeleke barazani: matao matatu ya nusu duara mbele, nguzo fupi nene za mraba, baraza la kina cha mita mbili na nusu. Mama atakaa hapo jioni, nguzo atakuwa kazipata, na ukuta wa sebule hautapigwa na jua. Wahispania nao matao na vyuma vile na ua wa ndani vina historia: sehemu za nchi yao zilitawaliwa na Waislamu kuanzia 711 hadi 1492. Kwa hiyo picha ya nne na tembe la mwalimu zinafahamiana kwa mbali, na mlango mmoja wa kuchongwa wa Kiswahili ndani ya lile tao hautaonekana mgeni. Huo ndio mchanganyiko pekee ninaouruhusu.

Uso wa Tudor juu ya baraza hilo, hapana. Mmoja anataka ulalo, mwingine anataka kusimama.

Wala usione aibu kwamba hukuwa na jibu ofisini. Mjerumani mmoja, Heinrich Hübsch, msanifu wa Karlsruhe, aliuliza kwa maandishi mwaka 1828 tujenge kwa mtindo gani, wakabishana miaka mingi. Wenzake wakaja hadi huku na reli, Tabora 1912, Kigoma 1914, bado wanabishana.

BatiNaKenchi

Mzee swali. Vigae vya udongo bei yake na uzito wake si mchezo. Ipo bati imekunjwa kama kigae, rangi ya matofali. Inakubalika au nayo ni dhambi?

Mzee_wa_Bangwe

Inakubalika. Kigae cha udongo kinataka kenchi nene na mbao za karibu karibu, mama ataishia kwenye lenta hela zikiwa zimeisha. Bati ya kigae ya mikunjo mikubwa, rangi nyekundu iliyofifia na si ile ya kung'aa, mteremko usipungue digrii 15. Ukiweka rangi ya bluu usiniambie.

Binti_Kwihara

Mlango nitafute mimi. Wachongaji wa mninga wapo, ila umwambie mama aagize mapema, na achague mwenyewe maua ya kuchonga. Wakiachiwa wao wanachonga simba na twiga.

Mchoraji_Ipuli

Mrejesho wakuu. Nimechora baraza la matao matatu, paa la digrii 18 la pande nne, upenu sentimita 90, nguzo za mraba za sentimita 45. Sikumwambia mama habari za Hispania wala Chicago. Nilimweka picha ya nne upande mmoja wa karatasi na mchoro upande wa pili. Akatazama matao muda mrefu, akauliza kama kiti chake cha kamba kitaenea pale. Nikampimia kwa rula kwenye mchoro. Kinaenea, na cha mgeni pia. Akasaini.

Tatizo limehamia Ohio. Kijana kapiga simu usiku wa manane wetu, kakubali kila kitu, kasifia hadi mlango, halafu anauliza dohani iko wapi. Anasema nyumba bila dohani haijakamilika na yuko tayari kulipia.

Mzee_wa_Bangwe

Nyumba za Kihispania za kufufuliwa zina dohani, nyeupe, fupi, zenye kofia ndogo ya vigae juu. Kwa hiyo kimtindo hajakosea. Mwekee moja jikoni ubavuni, upana wa sentimita 60, ianzie kwenye jiko la mkaa la mama. Mwambie fundi asisahau kuweka bati la kuzuia maji pale dohani inapotoboa paa, ndipo panapovuja nyumba zote zenye dohani, za kale na za kufufuliwa.